Upara wa Wanaume: Dawa Ianze Lini?



Mwaka jana, mwezi wa pili, kijana mmoja, mwalimu wa shule ya msingi katika mtaa wa Mangobo, alitujia nyumbani saa za jioni. Alipakiwa juu ya toleka, baiskeli ile ya abiria tuijuayo sote hapa Kisangani, naye alikuwa amevaa kofia ya sufu iliyoshuka mpaka masikioni. Jua la mji wetu, ulio karibu kabisa na mstari wa ikweta, si jua la kuvalia sufu. Tulimpa kiti kivulini; akaketi, asiivue. Tukazungumza habari za shule, habari za mvua, habari za mshahara uchelewao. Mwisho akageuka kutazama kama hakuna watoto karibu, ndipo akaivua kofia yake.

Nywele zake zilikuwa zimerudi nyuma pande zote mbili za paji la uso, na utosini zilikuwa chache hata ngozi yaonekana. Akasema, "Mwalimu, nina miaka 26 tu. Wanafunzi wangu wamekwisha kunipa jina. Mwezi wa nane napeleka mahari. Niambie: nianze dawa sasa, au ningoje?"

Akatoa mfukoni kichupa kisicho na jina la mtengenezaji wala tarehe. Mchuuzi mmoja alikuwa amemwuzia, akimwapia kwamba kila siku ya kungoja ni nywele elfu zilizopotea. Na fedha alizonunulia zilikuwa sehemu ya fedha za mdogo wake, aliyekuwa akijitayarisha kwa Mtihani wa Serikali mwisho wa masomo ya sekondari.

Hatukumcheka. Ajuaye aibu ya kusimama mbele ya watoto 50 huku wananong'onezana hawezi kumcheka. Lakini mithali mbili za wazee zilikuwa zikigombana juu ya kichwa chake. Moja yasema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ya pili yasema: haraka haraka haina baraka. Ipi ifuatwe? Swali hili ni la watu wengi, nasi leo twalijibu mbele ya wote.

Upara watoka wapi?

Kwanza tujue jambo lenyewe. Kichwa cha mtu kina nywele zipatazo 100,000. Kila unywele hukua kwa muda wa miaka 2 hadi 6, karibu sentimeta 1 kwa mwezi. Kisha hupumzika kadiri ya miezi 3, huanguka, na mwingine huota mahali pale pale. Kwa hiyo kila mtu mzima hupoteza nywele 50 hadi 100 kila siku, wala si ugonjwa. Akutaye nywele kidogo juu ya mto wake asubuhi asipige kelele.

Upara wa kiume ni jambo jingine. Mwili wa mwanamume hutengeneza homoni iitwayo testosteroni, nayo sehemu yake hugeuzwa kuwa homoni nyingine yenye nguvu zaidi, jina lake dihidrotestosteroni. Wako wanaume ambao mizizi ya nywele zao, ile ya mbele na ya utosini, imerithi udhaifu mbele ya homoni hiyo. Hapo mzizi husinyaa polepole. Ni kama shamba la mihogo lililolimwa mwaka hata mwaka bila kupumzishwa: mavuno ya kwanza mihogo minene, ya pili myembamba, ya tatu vijiti tu. Unywele mnene huzaa mwembamba, mwembamba huzaa malaika, na mwishowe hapaoti kitu cha kuonekana. Mizizi ya kisogoni na ya juu ya masikio haina udhaifu huo, ndiyo maana mzee mwenye upara hubaki na ukanda wa nywele nyuma.

Jambo hili halikujulikana jana. Hippokrate, mganga wa Wayunani wa kale, aliona kwamba matowashi hawapati upara. Mwaka 1942 mtaalamu wa Marekani, James Hamilton, alithibitisha kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawatoki upara, lakini wakitiwa homoni ya kiume, wale waliorithi udhaifu huanza kupukutika. Mwaka 1975 daktari mwingine wa huko, O'Tar Norwood, alizipanga hatua za upara kuwa 7, kuanzia kichwa kizima mpaka kichwa kilichobaki na ukanda tu, na madaktari huzitumia hata leo.

Urithi huo watoka kwa nani? Wengi kwetu husema, "Tazama wajomba zako." Neno hili ni kweli nusu. Kuna sehemu kubwa ya urithi itokayo kwa mama, lakini na ya baba imo pia. Tena kofia haileti upara, wala kunyoa kwa wembe hakuufukuzi, wala kufikiri sana hakuuzai. Katika watu wa Ulaya, wafikapo miaka 50, karibu nusu ya wanaume wamepatwa kwa kiasi fulani. Kwa Waafrika ni wachache kuliko hao, lakini si haba.

Wala upara si dalili ya mali. Maneno hayo watu huyasema kwa mzaha, lakini mzaha ukigeuka imani huua. Mwaka 2017, katika jimbo la Zambezia nchini Msumbiji, watu kadhaa wenye upara waliuawa na wauaji walioamini ya kuwa vichwa vyao vina dhahabu, hata polisi wakalazimika kuwaonya wanaume wenye upara wajihadhari. Basi tunapowacheka watu kwa vichwa vyao, tujue tunachezea moto.

Dawa zilizothibitishwa

Tangu zamani watu wametafuta dawa. Wamisri wa kale, katika maandishi ya uganga yenye umri wa miaka zaidi ya 3,500, waliagiza mafuta ya simba, kiboko, mamba, paka, nyoka na mbuzi wa milimani. Kaisari Julius, kama asimuliavyo mwandishi Suetonius, alisikitishwa sana na upara wake, akapenda mno ruhusa ya kuvaa taji la majani kila siku. Mamba wamekwisha kufa wengi, na upara upo.

Leo ziko dawa mbili za upara wa kiume zilizojaribiwa sana na kuonekana kufaa. Ya kwanza ni minoksidili. Mwaka 1979 ilikubaliwa Marekani iwe vidonge vya ugonjwa wa shinikizo la damu. Waliomeza wakaanza kuota nywele mahali wasipopataka. Wataalamu wakaifanya maji ya kupaka kichwani, yakakubaliwa mwaka 1988. Hupakwa kila siku, mara nyingi asubuhi na jioni. Matokeo huonekana baada ya miezi 4 hadi 6, tena katika majuma ya kwanza nywele zaweza kuanguka zaidi kabla ya kuota upya. Wengi huacha hapo kwa hofu.

Ya pili ni finasteridi, kidonge kizuiacho testosteroni isigeuzwe kuwa ile homoni kali. Fikira yake ilipata nguvu mwaka 1974, daktari Julianne Imperato-McGinley na wenzake walipoandika habari za watu wa Jamhuri ya Dominika ambao miili yao, kwa urithi, haikuweza kufanya badiliko hilo: watu hao walikuwa na tezi dume ndogo, wala hawakupata upara. Finasteridi ilikubaliwa Marekani mwaka 1992 kwa ugonjwa wa tezi dume, na mwaka 1997, kwa kipimo cha miligramu 1, kwa upara. Katika majaribio ya miaka 2 yaliyotangazwa mwaka 1998, yaliyofanywa kwa wanaume wa miaka 18 hadi 41, nywele za utosini zilihesabiwa. Kati ya kila 100 waliomeza dawa, 83 hawakuzidi kupungukiwa. Kati ya kila 100 waliomeza kidonge kisicho na dawa, ni 28 tu.

Yatazameni vizuri maneno hayo: hawakuzidi kupungukiwa. Hatukusema wamerudishiwa nywele za ujana wao. Dawa hizi ni walinzi kuliko kuwa wapanzi. Zaweza kurudisha kidogo, lakini kazi yake kubwa ni kulinda kilichobaki. Na hapa ndipo penye jibu la swali la lini.

Kichwa cha kwanza: usichelewe miaka, usikimbilie siku

Kama dawa ni mlinzi, haifai kumwajiri baada ya wezi kuondoka na mali yote. Wavuvi Wagenia, pale penye maporomoko ya mto wetu, wakiona nguzo za mitego yao zimelegea, huzikaza kamba mapema. Nguzo zikisha kuchukuliwa na maji, kamba haina kazi tena. Kadhalika mzizi wa nywele uliosinyaa nusu waweza kusaidiwa. Uliosinyaa miaka mingi hausikii tena. Kwa hiyo mtu aliyekwisha kukata shauri kwamba ataka kuzilinda nywele zake, afadhali aanze wakati nywele zingalipo. Hapa mithali ya ufa yashinda.

Lakini mchuuzi aliyesema juu ya nywele elfu kwa siku alisema uongo. Upara wa kiume huenda polepole, kwa miaka, tena mara nyingine husimama muda mrefu wenyewe. Kungoja miezi 6 ili kuhakikisha jambo hakumpotezei mtu kichwa chake. Kungoja miaka 10 ndiko kunakompotezea. Hapa mithali ya haraka nayo yapata haki yake.

Kijana wetu tulimshauri hivi. Asipake kile kichupa. Aende hospitali, mwuguzi au daktari amtazame, ahakikishe kwamba ni upara wa kiume wala si ugonjwa mwingine. Kisha apigwe picha kwa simu: mbele, utosini, na pande mbili, mahali pamoja, saa moja ya mchana, nywele zikiwa zimepunguzwa na kinyozi yule yule kwa urefu ule ule. Baada ya miezi 3 apigwe tena, na baada ya miezi 6 tena. Kioo hudanganya, kwa sababu twakitazama kila siku tukiwa na hofu au matumaini. Picha mbili zilizowekwa pamoja hazina hofu wala matumaini.

Kichwa cha pili: aliyechelewa

Katika siku zizo hizo tulizungumza na mzee mmoja wa Lubunga, ng'ambo ya mto, mwenye umri upatao miaka 60. Upara wake ulikuwa na miaka 20, uking'aa kama sahani ya udongo iliyopakwa mafuta. Mwanawe aliye mji mwingine alikuwa amemletea chupa 3 za minoksidili. Mzee alipaka kwa bidii miezi 3, akaona malaika wachache tu, akakasirika kama mtu aliyeibiwa.

Hakuibiwa na dawa; alichelewa. Ngozi ambayo imekuwa laini na tupu kwa miaka mingi haitarajiwi kuota tena kwa maji ya chupa. Kwa watu kama hawa yapo matengenezo ya kuhamisha nywele za kisogoni na kuzipanda mbele, kazi iliyoanzishwa New York mwaka 1952 na daktari Norman Orentreich. Ni kazi ya madaktari waliofundishwa hasa, yenye gharama kubwa, tena haiongezi nywele hata moja: huzihamisha tu.

Mzee huyo tulimwambia neno jingine lenye faida kuliko nywele. Kama mtu wa umri wake anameza finasteridi, sharti amjulishe daktari kila apimwapo damu kwa ajili ya saratani ya tezi dume, kwa sababu dawa hiyo hukipunguza kipimo hicho karibu nusu, na daktari asiyejua aweza kudhani hakuna hatari kumbe ipo.

Kichwa cha tatu: asiyepaswa kungoja hata juma moja

Kichwa cha tatu kilikuwa cha mtoto wa miaka 7, mwanafunzi. Alikuwa na mabaka ya mviringo, yenye magamba, nywele zimekatika kama majani yaliyolishwa na mbuzi. Mama yake alimpaka majivu na mafuta ya mawese kwa miezi miwili, akisema, "Zitaota tu." Baka moja lilikuwa limevimba na kutoa usaha.

Huo si upara, ni mapunye, ugonjwa wa kuvu uambukizao kwa mashine ya kunyolea, kwa kofia na kwa kitana. Dawa ya kupaka peke yake haitoshi, kwa kuwa kuvu hukaa ndani ya unywele na mzizi wake. Mtoto hupewa dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa majuma 6 hadi 8, kwa kipimo cha daktari. Akicheleweshwa, usaha waweza kuacha kovu, na penye kovu nywele haziti mizizi tena.

Basi wazazi washike sana jambo hili. Haya hapa hayangoji picha wala miezi 6:

1. Mtoto yeyote anayepukutika nywele. Watoto hawapati upara wa kiume.

2. Kichwa kiumacho, kiwashacho sana, chenye usaha, magamba au makovu. Hali kadhalika vipele vigumu vya kisogoni, viwapatavyo wengi wanyolewao karibu mno na ngozi. Makovu huongezeka kila mwezi.

3. Nywele zinazoanguka mabaka mabaka, kama nguo iliyoliwa na nondo. Pengine ni kaswende iliyojificha damuni, nayo hutibika vizuri ikijulikana.

4. Mwanamke anayepungukiwa na nywele. Huenda ni upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi ya shingo, au misuko iliyovutwa mno. Kila moja ina tiba yake, tena mwanamke mwenye mimba asipewe finasteridi kamwe.

Kuna na lile lisilohitaji dawa yoyote. Mtu aliyeugua homa kali, kama ya matumbo au ya malaria, au mama aliyejifungua, aweza kupukutika nywele nyingi baada ya miezi 2 au 3. Hizo huota tena zenyewe. Wauza dawa huwapenda sana watu hao: huwauzia chupa, nywele zikaota kwa saa yake, na chupa ikapewa sifa.

Kuhesabu gharama kabla ya kuanza

Turudi kwa kijana. Tulimwambia, "Ndugu, kuanza ni rahisi, kazi ni kuendelea." Dawa hizi hazimalizi upara kama kidonge kimalizavyo malaria. Huuzuia kadiri zitumikapo. Ukiacha, ulichokilinda chaanza kwenda, na katika muda wa miezi hata mwaka utakuwa pale ambapo ungalikuwa bila dawa. Kwa hiyo asiulize tu, "Naweza kununua chupa hii?" Aulize, "Naweza kuinunua kila mwezi kwa miaka 10?"

Tukachukua kalamu. Minoksidili hupakwa mililita 1 asubuhi na mililita 1 jioni. Chupa ya mililita 60 ni siku 30. Mwaka ni chupa 12. Miaka 10 ni chupa 120. Akaandika bei ya duka la dawa pembeni, akazidisha, akanyamaza. Mtu aanzaye kwa miezi 4 kisha akaacha kwa kukosa faranga hakupata nywele wala fedha.

Tena yako madhara. Minoksidili yaweza kuwasha ngozi. Mtoto akiinywa, shinikizo la damu lake laweza kushuka vibaya, kwa hiyo iwekwe mbali naye. Finasteridi huwapunguzia wanaume wachache nguvu na hamu ya ndoa. Kwa wengi hali hurudi wakiacha, lakini wako wasemao haikurudi upesi. Wengine huingiwa na huzuni nzito, na mwaka 2025 Shirika la Dawa la Ulaya lilithibitisha kwamba fikira za kujiua ni miongoni mwa madhara yawezayo kutokea. Mwenye kuona giza moyoni aache dawa na kumwona daktari siku hiyo hiyo. Mwanamke mwenye mimba asishike kidonge kilichovunjika, maana chaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Wenye umri chini ya miaka 18 hawapewi.

Na kuna jambo ambalo wachuuzi hawalitaji kamwe. Ametumiaye finasteridi hatakiwi kutoa damu mpaka upite mwezi mmoja tangu kidonge cha mwisho, kwa kuwa damu yake yaweza kutiwa kwa mama mjamzito. Katika mji wetu, ambapo watoto wenye malaria huletwa hospitali wakiwa weupe kwa upungufu wa damu, na ndugu huitwa usiku watoe, hili si jambo dogo. Yule kijana alikuwa amekwisha kutoa damu mara mbili kwa ajili ya watoto wa dada yake.

Juu ya vichupa visivyo na jina twasema kwa kifupi: visinunuliwe. Aghalabu hatujui kilichomo. Dawa ya kweli ina jina lake, kipimo chake, jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho, tena huuzwa dukani penye mtu awezaye kuulizwa.

Aliyechagua kijana

Mwezi wa nane alirudi na picha zake. Hospitali ilikuwa imethibitisha: upara wa kiume, hatua ya tatu. Tuliziweka picha za mwezi wa pili na za mwezi wa nane pamoja mezani. Mbele palikuwa pamerudi nyuma kidogo, kama upana wa punje ya mchele. Utosini hatukuona tofauti. Si elfu kwa siku.

Alikuwa amezungumza pia na mchumba wake, jambo tulilomshauri tangu mwanzo, kwa maana mwenye kushiriki maisha apaswa kushiriki shauri. Binti huyo alimwuliza maneno matatu: "Ni kwa ajili yangu, au ni kwa ajili ya wanafunzi? Tukipata mimba, kidonge kitawekwa wapi? Na mdogo wako, fedha zake zimerudi?" Akasema kwamba la kwanza lilimfanya aone haya, la pili lilimfanya afikiri, na la tatu lilimfanya aende kwa mdogo wake usiku ule ule.

Basi alikata shauri kutoanza kwa sasa. Alikwenda kwa kinyozi, akanyoa kichwa chote. Akaingia darasani bila kofia. Siku ya kwanza watoto walicheka. Siku ya tatu walikuwa wamechoka kucheka. Fedha za mtihani zimerudishwa, na mdogo wake ameketi mtihani pamoja na wenzake. Picha amezitunza. Kila baada ya miezi 6 atapiga nyingine, na kama siku moja ataona kwamba ataka kuzilinda zilizobaki, na kwamba aweza kulipa miaka wala si mwezi, ataanza akiwa anajua anachokianza.

Hatusemi kwamba kila kijana afanye kama yeye. Mwingine wa miaka 30, mwenye kipato, aonaye nywele zake zapungua mwaka kwa mwaka na moyo wake unaumia, aanze mapema kwa mkono wa daktari, wala asione haya. Kuutunza mwili si majivuno. Aanze na dawa moja, aipe mwaka mzima, alinganishe picha, ndipo ahukumu. Na yule asiyeumia moyoni asianze kabisa, hata rafiki zake wakimsukuma. Sheria ya Musa, katika kitabu cha Walawi, sura ya 13, palipo na maagizo marefu ya magonjwa ya ngozi, yasema wazi kwamba mwanamume aliyepukutika nywele ni safi. Makuhani wa kale walijua kutenganisha upara na ugonjwa, nasi tusishindwe.

Kwa muhtasari, wasomaji wapenzi: penye ugonjwa, leo. Penye upara wa kiume, hakikisha kwa miezi, si kwa miaka. Kisha, ukitaka, anza nywele zingalipo. Penye ngozi tupu ya miaka 20, vaa kofia ya majani kwa ajili ya jua, uwape wajukuu wako fedha za chupa.

Nanyi walimu wenzetu, na ninyi wanafunzi: jina mnalompa mtu kwa kichwa chake humfuata mpaka kitandani. Yule kijana alikuwa tayari kuuza mtihani wa ndugu yake kwa sababu ya neno moja lililosemwa darasani kwa mzaha. Dawa ya neno hilo haiuzwi popote. Iko midomoni mwetu, na hiyo yaweza kuanza leo.